Wafadhili wanataka kutujengea studio: tuikubali?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Mbagala. Jioni na Jumamosi nakutana na vijana kama thelathini wa miaka 11 hadi 22, tunaimba na kupiga ngoma. Wengi wao waliishia darasa la saba, wengine waliacha kabla ya hapo. Tuna magitaa mawili, kinanda kimoja na ngoma za kuazima kanisani. Sasa kuna marafiki kutoka nje wamejitolea kutusaidia, wanataka kutujengea studio ya kurekodia. Vijana wamefurahi mno. Ila wazazi wengine wananiambia nawafundisha watoto wao uhuni. Nifanyeje ili vijana hawa watoke na ujuzi wa kuwasaidia kuishi, siyo ndoto tu?"

Marahaba, mwanangu. Hongera kwanza, maana mwalimu anayetoka darasani alasiri kisha akaenda tena kukaa na watoto wa watu hadi magharibi anastahili kupongezwa kabla ya kushauriwa jambo lingine lolote.

Jibu langu kwa ufupi: studio isubiri. Waeleze marafiki zako, kwa shukrani na bila kuwavunja moyo, kwamba fedha ya studio ilipe walimu wawili kwa miaka mitatu, iwatafutie chumba chenye hewa na kufuli, na inunue vyombo ambavyo watoto kumi na zaidi wanaweza kuvipiga kwa pamoja. Kikundi chako kiwe mahali pa kujifunzia kazi. Kikigeuka mahali pa kumtafuta nyota mmoja, wale ishirini na tisa watabaki kuwa watazamaji wake, na hao ndio hasa uliowakusanya.

Studio humhudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mmoja yuko kwenye maiki, prodyuza yuko kwenye kompyuta, wengine wamekaa nje kwenye benchi wakingoja zamu. Halafu Dar haina upungufu wa studio. Singeli, ule muziki wa kasi unaousikia kwenye daladala na kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mitaani, ilitoka katika vyumba vidogo vya uswahilini, Mburahati, Manzese, Tandale na huko huko kwenu Temeke: kompyuta ya kawaida, spika mbili, na kijana aliyekesha na programu ya kutengenezea biti. Kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilikusanywa kwenye albamu mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda, zikapigwa hadi kwenye matamasha ya Ulaya. Kijana wa Mbagala mwenye wimbo wake hatakosa pa kurekodi. Atakachokosa ni mtu mzima wa kukaa naye miaka mitatu akimfundisha, akimkosoa na kumdai awahi.

Zamani mtu huyo alikuwepo, na ni vizuri ukajua alipokwenda, kwa sababu pengo lake ndilo unalolijaza wewe. Bendi zetu za dansi zilikuwa shule. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wanaolipwa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ikaja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Kijana aliingia kwenye bendi kwa kubeba spika, akapanda kuwa deiwaka, yaani mpigaji wa kushikia nafasi kwa siku, pale mpiga gitaa la ridhimu anapoumwa, akakaa chini ya wakubwa wake mpaka mkono ukakomaa. Hakuhitaji kununua gitaa wala kulipa ada. Mashirika na jumuiya hizo zilipoacha kubeba bendi, muziki haukufa, lakini ile ngazi ya chini iliondoka. Mtoto wa leo asiye na fedha anaweza kusikiliza muziki wote wa dunia kwenye simu ya jirani, na bado asishike chombo hata siku moja.

Mwaka 2005 marehemu Ruge Mutahaba alianzisha Tanzania House of Talent, THT, na kutoka pale tukapata waimbaji akina Mwasiti, Barnaba, Linah na baadaye Nandy. Ile ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini nyumba ya vipaji huchagua wenye vipaji, ndiyo kazi yake. Wewe hukuchagua, ulifungua mlango na aliyekuja ukampokea. Kwa hiyo usikipime kikundi chako kwa kipimo cha THT. Jiulize swali jingine: kijana wa kawaida, ambaye sauti yake ni ya kawaida na mkono wake ni wa kawaida, baada ya miaka mitatu kwenu atakuwa anaweza kufanya nini ambacho mtu mwingine yuko tayari kukilipia?

Kwa Dar es Salaam ninayoifahamu, jibu la kwanza ni matarumbeta.

Simama barabarani Jumamosi yoyote mchana. Kirikuu, ile pikapu ndogo, iko mbele ya msafara wa harusi, nyuma yake wamesimama vijana sita au wanane na tarumbeta, tromboni, ngoma kubwa na sneri, ile ngoma ndogo ya fimbo mbili, na magari ya maharusi yanafuata yakipiga honi. Hao wameshapiga kumchukua bibi harusi kwao, watapiga tena ukumbini wakati maharusi wanaingia, na Ijumaa walikuwa kwenye sendofu. Mji wenye watu zaidi ya milioni tano haukosi harusi, kicheni pati, mahafali wala uzinduzi wa duka. Kazi hii hailipi utajiri, lakini inalipa siku ile ile, inarudi kila wiki, haitegemei redio wala idadi ya watazamaji kwenye simu, na inahitaji watu wengi kwa pamoja. Mtoto mwoga anayejificha nyuma ya sneri ana nafasi sawa na yule anayependa kuonekana.

Kupuliza tarumbeta kunahitaji misuli ya midomo, na misuli hiyo hujengwa kidogo kidogo. Dakika ishirini kila siku zinazaa zaidi kuliko saa tatu za Jumamosi peke yake. Anayelazimisha hupasuka midomo na kukata tamaa. Mwezi wa kwanza utasikia makelele tu, waandae majirani. Kila mtoto awe na kipande chake cha kuwekea mdomo, kioshwe kwa sabuni, hata kama tarumbeta lenyewe wanabadilishana. Vali zitiwe mafuta yake, wasitie ya kupikia. Jambo moja huwachanganya wengi wanapoanza kupiga pamoja na kinanda: tarumbeta la kawaida likipigwa C, sauti inayosikika ni B flati ya kwenye kinanda. Kwa hiyo mpiga kinanda akiwa kwenye F, wa tarumbeta husoma G. Mtoto aliyeacha shule darasa la sita akilielewa hilo na kulifanya kichwani bila kalamu, ameshafanya hesabu ambayo ubao ulishindwa kumpa.

Wafundishe kusoma. Wengi wa wanakwaya wetu makanisani wanasoma sol-fa, yaani nota za do-re-mi, vizuri sana, na mwalimu wa kwaya aliye jirani yako anaweza kuwaanzishia hiyo wiki hii hii bila gharama. Lakini msiishie hapo, nendeni kwenye nota za mistari mitano. Bendi za polisi, magereza na jeshi hupiga kwa kusoma, na hata bendi ya harusi ikipewa wimbo wasioufahamu, anayesoma ndiye anayeokoa siku.

Mahali pa pili penye riziki pako nyuma ya spika. Kila kanisa, kila ukumbi, kila MC wa harusi anamhitaji fundi mitambo, na ukweli ni kwamba wengi wanaofanya kazi hiyo mjini hawakufundishwa na mtu. Ndiyo maana hotuba ya baba mzazi inamezwa na mlio wa maiki, watu wakaziba masikio. Kijana wako anaweza kujifunza kwa miezi michache mambo ambayo yatamtofautisha: spika zikae mbele ya maiki, zisiielekee, amplifaya huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza ili ule mshtuko usipasue spika, kebo hukunjwa kwa kufuata mkunjo wake, haisokotwi kwenye kiwiko, kila kebo ina jina na mahali pake. Afungue plagi ya maiki, aone waya tatu, ajue kuziunga mwenyewe kwa risasi ya kuchomelea waya. Kwenye vikundi vingi vya vijana nilivyofanya navyo kazi, aliyekuwa wa kwanza kupata kazi ya kudumu hakuwa mwimbaji, alikuwa yule anayekaa na koleo mkononi akitengeneza kebo za wenzake. Na akitaka kuendelea, ujuzi huo unampeleka moja kwa moja kwenye umeme na elektroniki. Chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe hakiko mbali nanyi, nenda kaulize masharti ya kozi fupi na yale ya urasimishaji wa ujuzi kwa waliojifunza mtaani.

Kompyuta msiiache. Moja iliyotumika, yenye nguvu ya kutosha, na hedifoni nne, inatosha kufundishia utengenezaji wa biti na uhariri wa sauti. Iwekeni kama chombo kimojawapo, sawa na gitaa, yenye zamu na mwalimu wake. Hapo mtakuwa mmepata asilimia kubwa ya ile studio kwa sehemu ndogo ya bei.

Ngoma za asili ziendelee. Ndizo mnazozijua, na mnaweza kualikwa kwenye sherehe za serikali na mahotelini kwa sababu yake. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama hupokea vikundi vya ngoma, kawaulizeni utaratibu wao.

Sasa walimu, na hapa naomba usiwe na haraka. Mwalimu anayefaa yawezekana yuko mtaa wa tatu kutoka kwako na hakuna anayemkumbuka. Dar imejaa wapigaji waliostaafu: wa bendi za dansi, wa polisi, wa magereza, wa JKT. Mzee aliyepiga tromboni miaka thelathini akaagwa kwa cheti na sherehe, yuko nyumbani anasikiliza redio. Mfuate, msalimie, mpe heshima yake, na umlipe. Nasisitiza umlipe. Kujitolea ni kuzuri, lakini mwalimu asiyelipwa huja siku akiwa na nauli, na watoto wanaojifunza kwa mtu wa namna hiyo hujifunza pia kwamba kazi ni jambo la kufanya ukijisikia. Hao marafiki zako wakitaka kuleta mwalimu mgeni kwa wiki tatu, mpokeeni kwa mikono miwili, ila awafundishe walimu wenu. Akiwafundisha watoto moja kwa moja, akiondoka anaondoka na somo.

Mwalimu wa pili awe kijana, ikiwezekana mwanamke, nami nitakuambia sababu.

Umeniambia wazazi wanalalamika kuhusu uhuni. Usiwabeze. Mzazi wa Mbagala ameona kwa macho yake binti wa jirani akienda "kuimba" na kurudi na mimba, ameona kijana akienda kwenye kigodoro na kurudi na jeraha. Hofu yake ina msingi, na jibu lake haliwezi kuwa hotuba kuhusu thamani ya sanaa. Jibu ni utaratibu anaoweza kuja kuukagua siku yoyote bila taarifa. Nenda nyumba kwa nyumba, kaa kwenye mkeka, mwambie mtoto wake atakuwa wapi, na nani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Kisha ushike maneno hayo. Mazoezi yaishe kabla ya adhana ya magharibi. Hakuna mtoto kufundishwa peke yake na mtu mzima mmoja ndani ya chumba kilichofungwa, hata mwalimu awe mzee wa kanisa au ustadhi. Mlango uwe wazi, watu wazima wawili wawepo. Hakuna mwalimu kumwandikia mtoto usiku kwenye simu. Hakuna zawadi za siri. Andikeni haya kwenye karatasi kubwa, yabandikwe ukutani ambapo watoto wenyewe wanayasoma, na pembeni yake iandikwe namba 116, ile ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo mtoto anaweza kupiga bure. Mjue pia afisa ustawi wa jamii wa kwenu na dawati la jinsia na watoto la kituo cha polisi kilicho karibu kabla hamjawahitaji.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Kazi za usiku kwa mtoto, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, imezikataza. Fikiria maana yake kwa matarumbeta: harusi za Dar zinaanza saa 3 usiku kadi ikisema saa 12 jioni. Kwa hiyo muwe na timu mbili. Ya watoto wa miaka 14 hadi 17 hupiga mahafali, ubarikio na misafara ya mchana. Ya ukumbini usiku ni ya waliotimiza miaka 18 tu. Mteja akikasirika, akasirike. Ukipindisha hilo mara moja, wale wazazi waliokuwa wanakusema watakuwa wamepata ushahidi.

Wasichana watakupungukia kama hukupanga. Nimeona vikundi vinaanza nusu kwa nusu, mwaka unapita wasichana wanabaki watatu, wote waimbaji. Angalia saa unazokutana nao. Saa 11 jioni ndiyo saa ambayo binti anatakiwa kuwa jikoni. Jumamosi asubuhi anafua. Waulize wao na mama zao saa inayowezekana, ratiba ifuate hapo, wavulana watajirekebisha. Na wasichana wapewe vyombo, waguse tromboni, besi na miksa, wasiachiwe maiki na kucheza tu. Akitokea mtu wa kukuambia ngoma si ya mwanamke, mkumbushe kwamba Pwani hii ngoma za unyago hupigwa na wanawake, na marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, alizipiga hadi uzeeni. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka mwalimu mwanamke: binti akimwona anafunga vyombo kwenye kirikuu na kulipwa mbele ya watu, hahitaji kuhubiriwa.

Majirani ni sehemu ya shule pia. Mnakaa kati ya misikiti na makanisa. Jueni saa za swala na za ibada na mnyamaze. Mwezi wa Ramadhani punguzeni vyombo vya kelele, fundisheni nota na ufundi wa kebo.

Kuhusu karatasi nitapita haraka kwa sababu ofisini wataeleza vizuri zaidi, ila mfuatano una maana. Anza serikali ya mtaa, mpate barua na kujulikana. Kisha afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikundi kitambulike Manispaa ya Temeke. Mkianza kupiga kwa malipo, nendeni BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1984 na ndiyo inayosajili wasanii na vikundi. Usajili wa asasi isiyo ya kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002 unawapa uwezo wa kupokea misaada mikubwa kwa jina lenu, lakini unakuja na taarifa za kila mwaka, ada na mahesabu. Msikimbilie huko kwa sababu mfadhili ana haraka. Kimbilieni siku mtakapokuwa na mtu wa kushika vitabu. Utasikia pia kuhusu mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana. Ni fursa halali, lakini ni deni. Vijana wakubwa wakiwa tayari wana wateja wa kukodi spika na wanashindwa kwa kukosa spika za kutosha, hapo mkopo una maana. Mkopo wa kutafuta wateja utawagombanisha.

Na fedha ndiyo inayovunja vikundi hivi, kuliko njaa na kuliko polisi. Siku ile mtakapolipwa mara ya kwanza, kila mtu atakuwa ameshapiga hesabu yake kichwani. Kubalianeni kabla. Tuseme kazi imelipa 300,000. Ondoa usafiri kwanza. Kinachobaki kigawanywe kwa sehemu zinazojulikana: kiasi kwa waliopiga, sawa kwa sawa, kiasi kwa mfuko wa matengenezo ya vyombo, kiasi kwa mfuko wa kikundi wa kuwalipia nauli wasio nayo. Nyinyi mtachagua viwango. Nachodai ni kwamba viandikwe, vibandikwe ukutani, na malipo yafanyike mbele ya wote siku hiyo hiyo, kila mtu akisaini, hata wa miaka kumi na minne. Zawadi anazobandikwa mpigaji usoni na wageni wenye furaha, semeni mapema kama ni zake au za wote. Mtunza fedha asiwe wewe. Wewe uwe wa kukagua.

Wakitunga nyimbo zao, andikeni tarehe, nani katunga maneno na nani katunga tuni, siku hiyo hiyo, wote wasaini. Chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 haki ni ya mtunzi tangu kazi inapotungwa, hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia kuthibitisha. Siku moja atakuja mtu na gari zuri na karatasi ya mkataba kwa yule kijana wako mwenye sauti. Hakuna anayesaini siku hiyo. Karatasi inalala kikundini, inasomwa kwa Kiswahili na mtu anayejua sheria, na kama kijana hajafikisha 18, mzazi anakuwepo.

Vyombo vya msaada vinanitia wasiwasi kidogo, kwa sababu nimeona vingi vikiozea stoo. Usidhani zawadi inaingia bandarini bila kodi. Waulize TRA, mamlaka ya mapato, na wakala wa forodha kabla mzigo haujapakiwa huko, maana gharama za kuukomboa zinaweza kuzidi bei ya vitu vyenyewe. Mara nyingi ni nafuu fedha ije, ununue Kariakoo au kwa bendi inayouza vyombo vyake, ukiwa umeongozana na yule mzee wa tromboni avijaribu. Omba vyombo ambavyo fundi wa hapa anaweza kuvitengeneza na vipuri vyake vipo mjini. Kisha vitunzwe kwa hali ya hewa yetu: upepo wa bahari unakula nyuzi za gitaa, zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa, ngozi za ngoma hulegea wakati wa masika, zikaushwe kwa moto wa mbali kabla ya kupigwa, zisianikwe juani siku nzima zikapasuka, vinanda vifunikwe dhidi ya vumbi na mende. Toeni ruhusa ya kuazima chombo kwenda nacho nyumbani, kwa daftari na saini ya mzazi. Kuna kitakachopotea. Hata hivyo chombo kilichofungwa stoo kwa hofu ya wizi kimeshapotea pia.

Nimalizie na hao marafiki zako. Waandikie barua fupi, na omba vitu vyenye majina na bei: mishahara ya walimu wawili kwa miaka mitatu, kodi ya chumba, seti ya vyombo vya kupuliza kwa watu wanane na ngoma zake, spika mbili na miksa, kompyuta moja, nauli za watoto wanaotoka mbali, na fungu la matengenezo. Waahidi taarifa kila baada ya miezi mitatu: waliohudhuria, wanachoweza kupiga sasa ambacho zamani hawakuweza, kazi zilizolipwa, waliorudi shule au kwenda VETA, na waliotoka na sababu yake. Hilo ni daftari la mahudhurio tu, na wewe ni mwalimu, unalijua.

Waambie pia, kwa upole lakini mapema, kwamba watoto hawatasimama jukwaani kusimulia umaskini wao wala kupigwa picha mbele ya mitaro ili fedha ipatikane. Wakitaka picha, wapige watoto wakiwa kazini na vyombo mkononi, kwa ruhusa ya wazazi. Mfadhili anayekubali masharti hayo mtafika naye mbali. Anayeng'ang'ania studio yenye bango la jina lake ukutani, mshukuru, kisha muendelee na magitaa yenu mawili na mwalimu wa kwaya mpaka apatikane mwingine.

Anza na yule mzee. Ukishampata, niandikie vyombo alivyopiga na saa alizo na nafasi, nikusaidie kupanga masomo ya miezi sita ya kwanza.